Nyuzi Mbili Nene

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amekuja asubuhi na gitaa la besi la kaka, ndani ya mfuko wake. Kalibeba mwenyewe toka kituoni, limemlemea, na hataki kusaidiwa. Kalilaza mezani kwangu katikati ya redio za watu, taratibu, kama mtoto aliyesinzia. Miezi mitatu tangu tumzike kaka. Nilikuwa sijaligusa.

Anasema binti yao alilitoa kwenye mfuko juzi, akalipiga, nyuzi mbili nene hazitoi sauti. Wale wa bendi wamemwita Jumamosi jioni akajaribu nafasi ya baba yake. Shemeji kasema litengenezwe tu, lisije likamwaibisha mtoto mbele za watu.

Nimemwambia nitaliangalia. Neno hilo nimewaambia watu miaka kumi na minane. Kuna redio humu zimezeeka zikiangaliwa.

Alipoondoka nikachomeka kwenye amplifaya. Nyuzi nyembamba mbili — safi. Nene mbili — kwa mbali sana, kama mtu anayeimba nyumba ya pili na mlango umefungwa. Nikaongeza sauti. Vilevile.

Nikazima. Nikakaa chini.

Maana hayahaya ndiyo aliyolalamikia kaka. Mwezi wa tisa mwaka jana, akiwa kwenye zile dawa za kifua. Nesi alimwambia zinaweza kugusa masikio. Akaanza kusikia mlio. Kisha akasema hazisikii tena nyuzi nene, masikio yake yanakufa kuanzia chini. Bendi nzima walikuwa wanamwita Nguzo kwa ajili ya nyuzi hizo mbili. Akaacha kupiga. Akalifunga kwenye mfuko na hakulipiga tena mbele ya watu.

Leo na mimi sizisikii. Na masikio yangu mazima.

Jumanne, 5 Machi

Naanza na mepesi. Waya wa kuunganishia — nimebadilisha. Amplifaya — nimejaribu na ya mteja, asijue. Nyuzi — nimefunga mpya. Kile kitufe cha kuzungushia sauti nimekifungua, nimekisafisha, kizima. Nene bado bubu.

Mteja mmoja, mwenye redio kubwa, kapita, kanikuta na gitaa mapajani, kaniuliza kama nimehama fani. Nikamwambia redio yake imenishinda, naona bora niimbe. Kacheka mpaka kaegemea mlango. Nami nikacheka, kwa adabu.

Najua ninachotafuta. Natafuta kutu. Limekaa kwenye mfuko miezi sita, chini ya kitanda, unyevu tele. Vitu huharibika vikiwa vimelala, naviona kila siku hapa. Kwa hiyo masikio ya kaka yalikufa kweli, na gitaa likaja kuharibika baadaye, lenyewe, bila kuhusiana. Nataka iwe hivyo. Sijawahi kuitamani kutu maishani mwangu kama leo.

Jumatano, 6 Machi

Sijafanya kazi. Nimekumbuka jambo nililokuwa nimelisukumia nyuma ya kichwa.

Alikuja hapa. Tarehe ishirini Septemba — naijua kwa sababu siku ile nilikabidhi televisheni ya shule, na risiti ninayo. Akakaa kwenye benchi la wateja, kakonda, koti linamning'inia mabegani. Akachomeka gitaa, akapiga nene. Akaniuliza: unazisikia?

Mimi nilikuwa nimeinamia ile televisheni. Pasi ya kuyeyushia risasi mkononi, feni inanguruma. Nikamwambia nazisikia vizuri sana, kaka.

Sikusikia chochote. Sikusikiliza! Niliona shingo yake nikadhani mgonjwa anataka maneno ya kumpa moyo, basi nikampa. Mimi ndiye fundi wa sauti katika ukoo huu. Kama kuna mtu mmoja duniani aliyestahili kuulizwa swali lile na kulijibu sawasawa, ni mimi.

Akanitazama. Akasema, "Basi ni mimi."

Akachomoa waya, akauzungusha vizuri kama alivyozoea, akaondoka. Nilimpungia mkono bila kuinuka.

Alhamisi, 7 Machi

Nilikuwa natafuta ufunguo mdogo wa kukazia shingo ya gitaa. Kaka alikuwa akiuweka kwenye mfuko wa gitaa, kile kifuko cha pembeni, cha zipu. Nikaingiza mkono. Nikatoa pakiti ya nyuzi, ile ya karatasi, imetuna.

Ndani vidonge. Vyeupe vikubwa, vingine vimeumuka ukingoni, vilishaingia mdomoni vikatoka.

Kaka alikuwa na tabia ya kuandika tarehe juu ya pakiti kila anapofunga nyuzi mpya, apate kujua zimedumu muda gani. Juu ya hii ameandika 22 Septemba. Siku mbili baada ya kukaa kwenye benchi langu.

Nimeikunja nimeiweka mfuko wa shati. Nimeitoa. Nimeirudisha.

Siku ya mazishi shemeji aliwaambia wote waliokuja kumpa pole kuwa mume wake hakuruka hata kidonge kimoja. Alikuwa anampa yeye mwenyewe mkononi, anasimama pale mpaka ameze. Alisema hilo tena na tena. Ndilo lililomsimamisha wima siku ile, na nadhani ndilo linalomsimamisha hadi leo. Linalomtafuna ni lingine: kwamba kaka alimsihi mara tatu amwache apumzike na zile dawa, masikio yanakwenda, na yeye akakataa. Akamwambia afadhali kiziwi aliye hai.

Kaka hakubishana naye. Alizificha chini ya ulimi, akaja kuziweka hapa, akingoja masikio yarudi. Najua alivyo. Angengoja wiki, mbili, apime tena. Na kila akipima, nene kimya.

Bado inaweza kuwa kutu. Bado.

Ijumaa, 8 Machi

Si kutu.

Nimepima pikapu — siyo gari, ile sumaku yenye waya iliyokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza. Ya gitaa hili ina vipande viwili, kimoja chini ya nene, kimoja chini ya nyembamba, vimeunganishwa kwa waya mmoja. Vikiwa pamoja mita ya umeme inatakiwa isome kama kumi na moja hivi. Imesoma tano na nusu. Nusu kamili. Kwa hiyo hakuna kilichokatika. Kipande cha nene kinarukwa tu, umeme unapata njia ya mkato kabla ya kukipitia.

Nikafungua skrubu, nikakiinua.

Chini yake foili. Ile ya kufungia vyakula, imebandikwa shimo zima, kona zimekunjwa vizuri, hata kasoro huioni. Kazi nzuri. Kazi yangu.

Mwezi wa saba kaka alilalamika gitaa linanguruma akisogea karibu na taa. Nikamwambia niachie siku moja. Nikalivisha foili ndani, ngurumo ikaisha. Alinisifia mbele ya bendi nzima, nikavimba kichwa wiki nzima. Pale vipande viwili vinapoungana niliweka tepu mzunguko mmoja tu. Kiungo kimelalia foili. Akipiga kinatetemeka, kinasugua, kinatetemeka, kinasugua. Tepu imetoboka. Kuna alama nyeusi ndogo, ya ukubwa wa kichwa cha sindano.

Nimekiinua kiungo kwa ukucha. Mita: kumi na moja. Nimekiachia. Tano na nusu. Nimekiinua. Kumi na moja. Nimefanya hivyo sijui mara ngapi, mchana wote huu, mlango nimeurudishia, wateja wanagonga wanaenda zao.

Mwishowe nimezungusha tepu mpya, mizunguko mitatu. Nimefunga skrubu. Nimechomeka. Uzi mnene kuliko wote umelia mpaka misumari kwenye kopo imecheza.

Matengenezo yenyewe hayakufika dakika mbili.

Nimelia. Sikulia hivi makaburini.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekuja saa nne, shemeji na binti. Nilikuwa nimejipanga. Nitasema kulikuwa na waya umelegea, nimeukaza, hakuna malipo, kila la heri jioni. Sentensi moja. Nimeifanyia mazoezi tangu alfajiri.

Binti kalichukua, kakaa kwenye benchi. Kapiga polepole, ule mwendo aliokuwa akipenda baba yake kuanzia nao, wa kushuka. Anapiga kwa kidole gumba, kama yeye. Meza ikatetemeka. Shemeji alikuwa amesimama na mkoba wake, akauweka chini sakafuni, na huwa hauweki chini mkoba popote.

Akaanza kulia bila sauti. Akasema haya ndiyo aliyomnyima mume wake. Alimlazimisha dawa, dawa zikamwondolea masikio, akafa hana hata hiki. Anaomba msamaha kila siku na hajui anamwomba nani.

Sentensi yangu ikapotea. Sikuweza. Nikamwambia, "Shemeji, masikio yake yalikuwa mazima. Gitaa ndilo lililokuwa bovu. Tangu wakati ule."

Nikamwona anapanga mambo kichwani, moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo alikuwa anasikia."

"Alikuwa anasikia."

"Hazikuwa dawa."

"Hazikuwa dawa, shemeji."

Akacheka! Kicheko kidogo, machozi yakiwa bado mashavuni, na akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema Mungu anipe maisha marefu, nimemtua mzigo. Kwamba basi alimeza zile dawa zote na hazikumdhuru kitu, ilikuwa siku yake tu. Mimi nimesimama pale, pakiti iko mfuko wa shati, mkono wake umekaribia kuigusa.

Ningeondoka hapo hapo. Ningeleta stuli, ningewasha feni, ningesema lolote.

Akajifuta uso. Akalitazama gitaa kwenye mapaja ya binti, akainama, akaweka kidole juu ya skrubu moja ambayo bisibisi yangu ilishaitia mikwaruzo. Si hasira. Ameuliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

"Nani alilifungua mara ya mwisho, kabla hajaugua sana?"

Nikasema ngoja nimletee binti waya mzuri, ule wake mfupi.

Niko stoo. Naandika nimesimama, daftari juu ya katoni. Waya ninao begani muda mrefu tu. Binti ameacha kupiga, nasikia anamwambia mama yake kitu, mama yake anamjibu kwa sauti ya chini.

Benchi limesogezwa. Anakuja huku, na mlango huu hauna komeo kwa ndani.