Chaki ya Fundi

Tarehe 2, mwezi wa nane

Binti yangu,

Marahaba, najua umeniamkia. Hujambo na kazi ya kufua mashuka ya wagonjwa? Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti si mtu.

Kaka yako anagombea udiwani, hilo unalijua. Usilolijua, amekuja kwangu. Miaka sita hajakanyaga hapa tangu nilipomwita mvivu mbele ya wakwe zake. Juzi kaja na sukari, kapiga magoti: "Baba, nitafutie kura za wazee." Nikamwambia wazee wa mtaa huu wote wangu, nimewajengea mpaka vyoo. Amesema akishinda nihamie kwake, chumba cha mbele. Mpinzani wake mkubwa, yule mwenye mashine ya kusaga, anagawa fulana. Tunazivaa, kura hapati.

Alikuja msichana kubandika picha za kufundisha kupiga kura. Nimemfukuza. Anifundishe mimi?

Baba yako, Fundi Mkuu

Tarehe 19, mwezi wa nane

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, mikono tu imebabuka kwa sabuni.

Kaka kanipigia simu analia. Kashindwa kwa kura arobaini na moja. Karatasi iliyobandikwa mlangoni kwenye kituo chako inasema amepata kura tisa, na zilizoharibika sabini na mbili. Anasema umewageuza wazee ili umkomoe. Nimemwambia Baba ana mdomo, lakini roho hiyo hana. Niandikie ulivyofanya, nimtetee.

Binti yako

Tarehe 27, mwezi wa nane

Binti yangu,

U mzima? Mimi nimenuna, lakini nakula.

Msomee hivi. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, wazee nyuma yangu. Watu kimya, kila mmoja kama ameiba mboga ya jirani. Nikageuka nikawaambia, "Wazee wangu, mnaijua chaki yangu? Tofali bovu nalipiga mkasi, mistari miwili inayokatana, zima naliacha safi. Basi humo ndani pigeni mkasi nyuso zote mbovu, kijana wangu mwacheni safi." Wakacheka: "Fundi, una akili wewe!"

Msimamizi akaniuliza, "Babu, nikusaidie?" Nikamjibu, "Shule hii nimeijenga mimi, kaa chini." Nikazikata nyuso nne. Ya kaka yako hata tone la wino halikuigusa. Tumeibiwa!

Baba yako, Fundi Mkuu

Tarehe 6, mwezi wa tisa

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa.

Mkasi ndiyo kura, Baba. Uso unaoukata ndio uliouchagua. Ukikata nne, karatasi inatupwa. Zile sabini na mbili ni zako na za wazee wako.

Kaka sijamwambia. Nenda mwenyewe, umweleze, umwombe radhi. Hukujua. Alikupigia magoti akiwa na kinyongo cha miaka sita. Na yeye atakuelewa.

Binti yako

Tarehe 20, mwezi wa tisa

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa, na goti limetulia.

Nimekwenda. Hapa ninapoandika nimo chumba cha mbele. Kitanda kizuri, dirisha linatazama barabara.

Nilimwambia kaka yako kwamba mkasi ndio uliotuponza. Akaniuliza, "Nani alikufundisha?" Mdomo ukanitangulia, nikakutaja wewe. Kwamba uliniandikia kutoka huko tupige mkasi hivyo. Akanibebea begi. Wazee nao nimewaambia hivyo hivyo, wakasema ndiyo tabu ya wasomi. Fundi wa miaka arobaini hawezi kupotosha mtaa mzima, nani atamwita tena? Wewe uko mbali, hayakufikii.

Amesema asikuone hapa, hata siku ya kunizika mimi. Akikupigia simu, kubali tu kwamba ni wewe. Barua zako nimezichoma. Hii nayo ichome.

Dirisha halina pazia, jua la asubuhi linanipiga usoni. Ukipata shuka kuukuu huko kazini, nitumie.

Baba yako