Damu Imesema Mapema

Kirumba, Jumanne jioni

Majibu ni mabaya, na mimi nashindwa kuacha kutabasamu.

Damu yangu inaonyesha huenda presha ikapanda huko mbele, nipate tena kifafa cha mimba. Daktari hana uhakika, kipimo chenyewe bado wanakifanyia utafiti. Lakini nitaangaliwa kila wiki, na kichwa kikiuma tu nikimbilie hospitali. Mimba iliyopita hakuna aliyejua kitu mpaka nilipoanguka pale sokoni Mwaloni juu ya dagaa wangu. Mtoto akafa.

Walioniudhi ni majirani. Kwao, ukitolewa damu tu, basi umepimwa ukimwi. Wakampelekea mama mkwe maneno. Leo kapanda kivuko kutoka kwake Kamanga, kanifuata mpaka kliniki, hata shikamoo yangu hakuitikia.

Nesi akamweleza taratibu kwamba kipimo ni cha presha ya mimba, si cha ukimwi. Mama akauliza, "Kwa hiyo hata Kabula wangu, damu yake ingeonyesha mapema?"

Kabula ni binti yake, alifariki na mimba ya miezi minane, mwili ukimtetemeka. Sote tulisema karogwa.

"Huenda, mama," nesi akajibu.

Ninaogopa, sikatai. Ila mama mkwe amegoma kurudi Kamanga mpaka nijifungue. Tangu tufike nyumbani, kila akipita ananiuliza kama kichwa kinauma.