Simu Zinakatika, Wifi Yangu Analaumiwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijavunja ndoa au kumponza asiye na kosa. Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kituo cha kupokea simu za magari ya wagonjwa, mume wangu ndiye bosi wangu hapo hapo, na wifi yangu, mdogo wake wa tumbo moja, ni mpokea simu, na kwa muda sasa simu zikiwa nyingi, sauti hukatikakatika, basi juzi wifi akasikia jina la mtaa sivyo, gari likaenda upande mwingine wa mji, mgonjwa akaponea chupuchupu, na sasa wifi ameitwa kwenye kikao cha nidhamu, wanasema ni mzembe. Nikaichungulia seva, ile kompyuta inayopitisha simu zote, wakati simu zimepamba moto, nikaona prosesa, yaani ubongo wake, ina viini vinane vya kufanyia kazi lakini pakiti zote za sauti, vile vipande vidogo vya maneno, zinazoingia zinarundikwa kwenye kiini kimoja, hicho kinaelemewa, vingine vimekaa tu, na pakiti zinazokosa nafasi zinatupwa, ndiyo maana maneno yanamezwa. Nikamwambia mume wangu tuzigawe kwa viini vyote, akasema, "Ukizitawanya, maneno yatafika shaghalabaghala." Nikamjibu kwamba kila simu itabaki na kiini chake mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hakuna neno litakaloruka jingine, akasema, "Seva hiyo niliifunga mimi. Unataka nionekane sijui kazi?" Nikamuuliza, "Na mdogo wako je?" Akasema atamtafutia kazi kwingine. Nimejaribu kwenye seva ya akiba, nikaimiminia simu za majaribio hadi basi, sauti ikatoka safi, lakini amenikataza kusema, na wifi anakuja kwetu kula, anacheka na watoto, hajui kitu. Nifanyeje?

Fundi, Mke wa Bosi

Dada fundi,

Pole. Umenieleza mambo ya viini na pakiti hadi mimi, ninayehangaika na simu yangu mwenyewe, nikaelewa. Mbona huyasemi panapohusika? Unaogopa ndoa kuyumba, na wakati unangoja jibu langu kuna mtu anapiga simu hapo kituoni na mtaa wake hausikiki.

Mumeo si mtu mbaya. Ana aibu. Kufunga seva na kuiacha na mipangilio iliyokuja nayo ni kosa la kawaida, linasemwa na linarekebishwa. Kumwachia mdogo wake abebe lawama, naye akijua ukweli, hilo jambo jingine kabisa, na wewe ukinyamaza mtakuwa wawili.

Leo ukifika nyumbani mwambie, "Kesho asubuhi naenda kwa meneja aliye juu yako. Twende pamoja, wewe ndiye useme." Usibishane naye. Akikataa, nenda peke yako na matokeo ya jaribio, uombe seva irekebishwe siku hiyo hiyo, na kikao cha nidhamu kingoje. Wifi mweleze wewe mwenyewe, asije akayasikia kwa watu.

Mumeo atanuna. Mwache anune, ila anune akiwa na mdogo mwenye kazi.