Siku ya Kubadilisha Wageni

Jumatano, 10 Julai

Mashuka tena. Mikono inanuka sabuni hadi kwenye ugali. Wiki ya tatu hii, hapa kambini ndani ya hifadhi, mbele kabisa ya kijiji cha Idodi. Barabara yote vumbi.

Keshokutwa ndiyo siku yenyewe. Wageni hawa wanaondoka asubuhi, wengine wanaingia alasiri. Katikati hapo kambi nzima inavuliwa na kuvalishwa upya. Mama Kalinga, mkuu wetu wa usafi, kaniambia ninywe chai kidogo siku hiyo maana hata chooni hakuendeki. Sijui kama alikuwa anatania. Mhehe yule anacheka kwa macho tu.

Meneja kasema wazi: nikifanya vizuri Ijumaa, nimepata kazi. Nikiharibu, narudi Mbeya, mtaa wa Soweto, kukaa bure.

Kazi siiogopi. Naogopa tembo.

Alhamisi, 11 Julai

Tembo wameshinda kwenye mto mkavu wakichimba maji mchangani. Jike mmoja kajitenga na wenzake. Tumbo limeshuka. Anatembea kidogo, anasimama. Anatembea, anasimama.

Kwetu Mbeya tembo nilimjua kwenye kalenda. Kwenye kalenda hana harufu.

Jioni alikuja hadi nyuma ya jiko. Mpishi alikimbia, wali ukaungua. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo.

Ijumaa, 12 Julai

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Wageni waliondoka baada ya chai. Tukapunga mikono mpaka vumbi la magari likatua. Halafu kimya cha ajabu. Viti vitupu, vikombe nusu, kofia moja imesahauliwa. Meneja akapiga makofi na kila mtu akakimbilia lake. Vitanda vikavuliwa. Magodoro juani. Maji ya kuoga, kuni, taa, vyandarua. Sikujua watu wachache wanaweza kugeuza mahali hivyo. Nilijisikia fahari, nikiwa nimelowa jasho.

Mimi na Mama Kalinga tulibaki na hema la mwisho, la karibu na mto. Nilikuwa navalisha mto foronya. Mwanga ukapungua ghafla. Nikatazama wavu wa dirisha: mguu. Kisha wa pili.

Yule jike. Hatua chache tu kutoka kwetu, na kati yetu turubai.

Mama Kalinga akanong'ona kwenye redio. Meneja akajibu, "Msitoke. Msiguse kitu." Baadaye tukamsikia akimwambia dereva wa wageni wapya asimame Idodi, wanywe chai, wasubiri. Nikajua siku imeharibika. Nikajua na kazi imekwenda.

Tembo akapiga magoti ya nyuma, akainuka. Mwili wote ukamtetemeka. Mama Kalinga akanishika mkono.

"Anazaa, mwanangu."

Kitu kikadondoka. Kizito, kimelowa, ndani ya utando. Sauti ile bado ninayo kifuani.

Wenzake wakaja mbio kutoka mtoni. Walipiga kelele, nguzo za hema zikatikisika, vumbi likaingia kwenye mashuka yetu meupe. Nilidhani tutakanyagwa. Hawakutukanyaga. Walijipanga wakamzunguka mtoto, wakamgusa mmoja mmoja kwa mikonga, taratibu, kama wakunga.

Mtoto hakuinuka. Mama yake akamsukuma kwa mguu. Mguu ule ungeweza kulivunja gari, na ulimgusa kama mtu anavyogusa yai. Akajaribu. Akaanguka. Akajaribu. Akalala na hakujaribu tena.

Hapo niliacha kuogopa. Sijui ilikuwa saa ngapi. Nilikuwa nasali kwa Kinyakyusa, Mama Kalinga kwa Kihehe, wote tukilia kimyakimya. Jike akageuza kichwa. Mkonga ukaja hadi kwenye wavu. Akavuta pumzi, wavu ukaingia, ukatoka. Alijua tuko ndani. Akatuacha.

Akarudi kwa mwanawe, akamwekea mkonga chini ya tumbo, akamnyanyua. Miguu ikapanuka huku na huku. Ikatulia.

Kasimama. Yule mtoto kasimama!

Wakaondoka naye polepole, yeye katikati, haonekani.

Tukakung'uta vumbi, tukaanza hema lile upya. Wageni waliingia jua likizama. Maji hayakuwa ya moto, mahema mawili hayakuwa na mablanketi. Meneja akawaeleza mwenyewe kwa nini. Hakuna aliyelalamika. Bibi mmoja kati yao alikwenda kusimama pale mtoto alipozaliwa, akavua kofia.

Jumamosi, 13 Julai

Meneja kanipa sare mbili zenye jina langu. Nikavaa moja palepale.

Fisi wamekula kondo, wamesafisha pale mahali. Umebaki udongo uliokanyagwa na alama za miguu, za kipenyo cha sinia, na katikati yake nyingine ndogo kama sahani ya chai. Nilichutama pale muda mrefu. Mama Kalinga kafagia pembeni, kapaacha.

Mchana nilipanda kwenye mwamba wenye mtandao, nikampigia mama. Nikamweleza yote, vibaya, kwa kurukaruka. Yeye kazaa saba, wawili wako kaburini. Nikasikia jogoo wake.

"Alisimama?" akauliza.

"Alisimama, mama."

"Ndaga," akasema kwa Kinyakyusa, asante, kama anayemshukuru mtu aliye karibu naye.

Jogoo akawika tena, na muda wa maongezi ukaisha.