Goti la Bi Mwanaidi na Lako

Mchafukoge,
Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila joto la huku halijanizoea. Baba ameandika kwamba siku hizi unateremka shambani kinyumenyume, umeshika migomba. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko barua nzima.

Bi Mwanaidi, mwenye nyumba wangu, anaumwa goti kama wewe. Hospitali walimpa vidonge na mazoezi ya kunyoosha mguu, kisha wakampeleka pia kwa daktari Mchina anayechoma vijisindano vyembamba kama nywele. Mimi ndiye ninayemsindikiza. Siku ya kwanza aliniambia, "We Mchaga, nikitoka humu nimekuwa chekeche, utachekechea unga." Baada ya wiki chache alipanda ngazi bila kushika ukuta.

Basi akaficha vidonge kabatini, mazoezi akayaacha. Jumatatu akasimama kwenye foleni ya sabuni Kariakoo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Jioni goti lilikuwa limevimba kama nazi. Nikamrudisha hospitali.

"Nani alikwambia uache vidonge, mama?" daktari akamwuliza.

"Dawa mbili katika mwili mmoja zitagombana, mwanangu."

"Hizi tumezipatanisha kabla hujaja. Sindano inatuliza maumivu ili uweze kufanya mazoezi. Ukiacha kimoja, uwe umetuambia."

Nilitazama sakafu. Nilikukumbuka ukificha vidonge bibi wa mitishamba alipokuja, na ukificha mizizi yake ulipokwenda hospitali.

Nilimwuliza daktari kama goti hupona. Akasema kilicholika hakirudi. Maumivu hupungua, tena si kwa kila mtu. Nilikuwa nimeshakuandikia kwamba utapona. Barua ile nimeichana.

Hata hivyo njoo, mama. Njoo na vidonge vyako na mizizi yako, uwaonyeshe madaktari vyote, wao ndio waamue. Bi Mwanaidi amekutandikia kitanda chumbani kwangu. Na goti likikataa, tutakuwa tumekaa pamoja. Tangu nije huku hakuna aliyeniita kwa jina la nyumbani nililorithi kwa bibi yangu, na wakati mwingine najiita mwenyewe, kwa sauti ya chini, nisilisahau linavyotamkwa.

Nisalimie shangazi aliyenifundisha kushona, na jirani anayekukatia majani ya ng'ombe. Baba mwambie asihangaike na barua. Apige simu ya maandishi pale posta, neno moja linatosha: Anakuja.

Mwanao,
Elinami