Mgongo Wangu, Mikono ya Mama

Homa Bay,
Jumanne.

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu, za mke wangu Celestine na za mjukuu wako Robi, ambaye sasa anatembea nyumba nzima na kuvuta chini kila kitu anachofikia. Natumaini ile homa iliyokulaza mwezi uliopita imekwisha na umerudi kuamka mapema kama kawaida yako. Ng'ombe wanaendeleaje? Ndugu yangu James aliniambia yule mwekundu amezaa. Sisi huku ni wazima, ukiacha mgongo wangu, na mgongo wangu ndio unaonifanya nikuandikie. Vumilia, Baba, barua ni ndefu na mwandishi wake amechoka kuwa mpole.

Stima imepotea tangu asubuhi. Mashine ya kusaga imenyamaza, wateja wamepanga madebe yao ya mahindi kwenye foleni wakaenda zao. Ndiyo nafasi nimepata.

Unajua mgongo ulianza kunishika mwaka juzi. Lau ungekuwa unauma wakati wote, ningezoea. Huu hunivizia. Nainua debe kulimimina kwenye mashine, misuli ya kiuno inakaza ghafla, na mimi nabaki nimeinama papo hapo, siwezi kwenda juu wala chini. Mara ya kwanza mteja mmoja, mama wa kanisa letu, alidhani nayaombea mahindi yake. Akainamisha kichwa naye, akangoja, akangoja, mwishowe akasema amina. Nami nikasema amina. Ningefanya nini?

Tangu siku hiyo kila mtu Homa Bay amekuwa daktari wangu. Ondieki, jirani yangu anayeuza ndizi, aliniambia nilale juu ya mbao tupu. Nikalala juu ya mbao. Wiki iliyofuata akaniambia shemeji yake alipona kwa godoro laini, na akaniangalia kana kwamba sijawahi kulala juu ya mbao kwa sababu yake. Shemasi wa kanisa aliniuzia bangili ya sumaku. Wewe mwenyewe ulinitumia mafuta ya chatu kutoka soko la Kehancha, yamo ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, na nakushukuru, Baba, lakini mgongo haukujua kama umepakwa kitu. Aliyejua ni Celestine, kwa pua, akahamia chumba cha mtoto.

Halafu kuna hili la Mama Apiyo. Huku wanaamini kwamba mama aliyezaa mapacha akikukanyaga mgongoni, unapona. Mimi si mtu wa mambo hayo, lakini mgongo ukikushika mara tatu kwa wiki, imani inapanuka. Mama Apiyo ana mapacha, anakaanga samaki ng'ambo ya barabara, na Mungu hakumnyima mwili. Nikalala kifudifudi juu ya magunia matupu mbele ya mashine, watu wamejaa mlangoni. Akaweka mguu mmoja, akauliza kama naumia. Nikasema hapana. Kwa kuwa nimesema hapana, akapanda na wa pili. Akauliza tena, nikasema hata kidogo. Watu wakanisifu sana. Siku nne baadaye nilikuwa bado siwezi kufunga kamba za viatu.

Na hospitali nazo zimenichosha. Katika ile ya kwanza, hapa mjini, daktari kijana aliniuliza maumivu yangu ni ngapi kati ya sufuri na kumi. Sufuri ni kama huna kitu, kumi ni yale usiyoweza kuyastahimili. Nilikuwa nimeingia nimeshika ukuta. Nikamwambia mbili. Akaandika mbili kwenye daftari langu, akanipa vidonge na kuniambia ninywe maji mengi. Mtu anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anakaa kwenye benchi mpaka saa nane, halafu anapewa vidonge vinavyouzwa dukani karibu na sabuni. Nikafunga safari hadi Rongo, kwenye kliniki ya binafsi. Wakanipiga picha, mifupa yote ikaonekana mizima. Huyo daktari naye akataka nambari. Nikaona mbili haikuniletea heshima, nikampa tatu. Vidonge vilevile, rangi tofauti. Nilirudi Homa Bay nikimlaani kila aliyesomea udaktari katika nchi hii.

Celestine alinisindikiza safari zote hizo, ila kila mara nilimwacha nje kwenye benchi. Siku moja akalichukua lile daftari la hospitali, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye mbili akasema, "Wewe unataka kupona ama unataka kusifiwa?"

Nilikasirika. Nikamwambia yeye ni Mjaluo, haya hawezi kuyaelewa. Nikamkumbusha kwamba sisi Wakuria tulisimama asubuhi ile mbele ya kisu cha tohara, na wewe ulisimama kando ukiyachunga macho yangu yasipepese. Hayakupepesa. Ulinipa ndama siku hiyo, ukaniambia mwanamume hasemi kinachomuuma. Sasa nikamwambie kijana mwenye koti jeupe, ambaye hata ndevu hazijamkamilika, kwamba nimeshindwa na mgongo? Celestine akajibu kwamba kisu kilikuwa cha asubuhi moja na huu mgongo ni wa kila siku. Tangu hapo alikataa kunisugua. Alisema mtu wa mbili anaweza kujisugua mwenyewe.

Ni katika siku hizo, mwezi wa pili, ndipo Mama alipokuja kutusaidia na mtoto. Yaliyompata Robi unayajua, maana yamesimuliwa nyumba zote hapo kwetu. Kwamba Mama alikuwa akimtoa mtoto kwenye karai la kuogea, sabuni ikateleza, mtoto akaanguka kwenye sementi na kuvunjika mfupa wa bega. Nilikuwepo ulipopiga simu. Nilikusikia ukimwambia Mama kwamba mikono yake imekwisha kazi, sasa abebe kuku. Ulicheka, na Mama akacheka kidogo. Kesho kutwa yake alifunga mizigo akarudi nyumbani, na alikuwa amesema atakaa mpaka Pasaka.

Mfupa wa mtoto uliunga vizuri, daktari alisema mifupa ya umri huo haina shida. Mgongo wangu ndio ulioharibika zaidi. Ukaanza kunishika kila siku, hata nikiwa nimekaa tu, hata kanisani. Kugeuka kitandani ikawa shughuli. Nilikuwa mkali kwa wateja, nikamfokea Ondieki na ndizi zake mpaka akaacha kunisalimia.

Wiki tatu zilizopita Celestine aliacha kunibembeleza. Alifunga mashine yeye mwenyewe, ufunguo akautia ndani ya nguo yake, akanipeleka kwa Bi. Priscah Obare, mtaalamu wa viungo na misuli, yule wanayemwita fizio. Ni mama mfupi, hacheki, vidole vyake ni vigumu. Huyu hakuniuliza nambari. Alinilaza akaanza kubonyeza taratibu kuanzia mabegani, na mimi nikanyamaza kama ninavyojua kunyamaza. Alipofika chini ya mbavu upande wa kushoto mguu wangu uliruka wenyewe. Akauliza kama panauma. Nikasema kidogo.

"Bwana Matiko," akasema, "mimi si mkwe wako. Hapa hakuna wa kumwonea aibu."

Akanieleza kwamba kila ninapoumwa nakaza mwili mzima ili mtu asione, na huko kukaza ndiko kunakoichosha misuli mpaka ijikaze yenyewe. Kwamba hakuna daktari angeweza kunisaidia kwa mbili na tatu zangu, kwa sababu walikuwa wakimtibu mtu mwingine ambaye si mimi. Iliniudhi sana, Baba, kwa kuwa ilikuwa na maana. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikiwalaani madaktari kwa uongo wangu mwenyewe.

Baadaye akachukua kalamu akaniuliza maswali ambayo nadhani anamuuliza kila mtu. Kama naweza kuvaa viatu bila kusaidiwa. Kama naweza kulala ubavu. Naweza kukaa muda gani. Nikajibu, na safari hii nilijibu kweli. Kisha akauliza, bila hata kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "Umewahi kuangusha kitu mgongo ukikushika?"

Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Akauliza mara ya pili.

Nililia, Baba. Si yale machozi ya kufuta haraka kwa kiganja. Nililia kwa sauti mpaka Celestine akasikia kutoka nje akaingia bila kubisha.

Ni mimi niliyemwangusha Robi. Mama hakumgusa.

Jumapili ile Celestine alikuwa sokoni. Mama alikuwa jikoni akisonga ugali, akaniita kwamba maji ya mtoto yamepoa, nimtoe kwenye karai. Nikainama nikamwinua, na nilipofika katikati mgongo ukanishika kuliko siku zote. Mikono ikafunguka yenyewe. Sikuweza hata kuinama kumwokota. Nilisimama nimejikunja, mtoto analia miguuni pangu, nami siwezi kumfikia mwanangu mwenyewe.

Mama alikuja mbio na mwiko mkononi. Alinitazama mara moja tu. Akamwokota mtoto, akamfunika, na majirani wakaanza kufika kwa sababu ya kilio. Celestine naye akatokea na kapu lake akiuliza nini, nini. Kabla sijafungua mdomo Mama akasema, "Ni mimi. Ameniponyoka." Nami nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na jioni nzima, na siku mbili zilizofuata, nikimwona Celestine akimpokonya mtoto kila Mama alipomnyoshea mikono. Nilikuwa na nafasi siku ulipopiga simu na kumwambia abebe kuku. Sikusema. Niliona ni afadhali watu waseme Mama amezeeka kuliko waseme mwanawe wa kiume ameshindwa kumwinua mtoto wa mwaka mmoja.

Alipokuwa akiondoka nilimsindikiza hadi stendi. Nikajaribu kuanza. Akanizuia, akaniambia nitafute dawa ya mgongo, hayo mengine yamekwisha. Hayajakwisha. James aliniambia wiki jana kwamba mke wake amejifungua, na kwamba wamemwomba Mama akae tu kwenye kiti amtazame mtoto, asimbebe, na Mama amekubali. Mama aliyetubeba sisi sita, na watoto wa majirani juu yake. Niliposikia hivyo nilikata simu.

Celestine hakunipigia kelele. Siku mbili baadaye akasema amemkosea bibi wa mtoto wake na mimi ndiye niliyemkosesha. Akataka niandike. Alisema nikipiga simu nitauliza habari za ng'ombe halafu nitaaga, na ananijua.

Kuhusu mgongo wenyewe, umepungua. Sijapona, na Bi. Priscah ameniambia nisitegemee miujiza. Kila asubuhi nalala sakafuni, nakunja magoti, nayageuza huku na huku kama alivyonionyesha, halafu Celestine ananiwekea kitambaa cha maji ya moto. Debe siliinui likiwa limejaa, naligawa mara mbili, na napiga goti badala ya kuinama. Wateja wanaona nachelewesha foleni. Nawaambia naumwa mgongo. Wiki hii umenishika mara moja tu, nikasema "umenishika" kwa sauti, nikakaa kwenye gunia mpaka ukaachia. Hakuna aliyecheka, isipokuwa Mama Apiyo aliyetaka kunikanyaga tena.

Baba, sikatai ulichonifundisha. Kile kisu nilikivumilia na leo ningekivumilia tena. Lakini hili nililivumilia kwa mgongo wa Mama, na huo si uanaume, ni aibu, na siwezi kuendelea nayo. Ukinikasirikia nitaelewa. Ukitaka yule ndama na wazao wake, wamo zizini mwako, wachukue.

Ninakuomba jambo moja. Kabla hujaikunja barua hii, mwite Mama, na James aje na mtoto wake. Isome kwa sauti, hata hapa nilipolia, usiruke. Kisha yule mtoto apewe Mama ambebe, mbele yenu wote. Usingoje nije. Nitakuja Jumapili na Celestine na Robi, nami nitasema kwa mdomo wangu, lakini miezi mitatu inatosha, asikae siku nyingine hata moja bila mtoto mikononi kwa sababu yangu.

Nisalimie James na wote walioko nyumbani. Salamu za Mama zishike kwanza. Umpe akishampakata mtoto.

Ni mimi mwanao,
Fanuel Matiko