Kicheko cha Pili

12 Februari

Bibi mpenzi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamekubali kupanda ngazi, na Babu bado anagombana na redio. Mimi mwili haujambo, ila usingizi umenihama. Ningekupigia simu, lakini naijua nyumba hiyo. Wewe utapokea, Babu atauliza ni nani, utamjibu kwa sauti ya kuamsha mtaa, na mimi nitakata sijasema neno. Acha niandike.

Bibi, mjukuu wako amekalia kuti kavu. Unaikumbuka filamu yangu ya kwanza, ile ya kinyozi na wapangaji wake. Ilikaa kwenye majumba ya sinema miezi mitatu, watu wakikalia ngazi kwa kukosa viti. Ya pili ilijaza nusu ya ukumbi. Ya tatu robo. Ya nne, nisikufiche, iliondolewa kabla wiki haijaisha. Siku niliyokwenda kuichungulia tulikuwa mimi, mwonyeshaji picha, na mzee mmoja aliyeingia kukwepa mvua. Alilala.

Sasa nahariri ya tano. Anayetoa fedha, yule ninayemwita Bwana Mkasi, amesema wazi kwamba hii ikianguka nikatafute kazi nyingine. Tangu ile ya pili anakaa nyuma ya mhariri wangu na kuamuru: kata hapo, kata na hapo. Kinachomkera ni ukimya. Mtu akitoa kichekesho, mimi humwacha mwenzake amtazame tu, kitambo, kabla ya kujibu. Kwenye filamu ya kwanza waandishi walinisifia ukimya ule, eti ni falsafa. Na mimi nikaitikia, ee, ni falsafa. Ukweli, Bibi, sikujua ninachofanya. Mkono ulitaka hivyo. Leo Mkasi ananiuliza, "Wa nini huo?" nabaki kumkodolea macho.

Wewe ile ya kwanza uliitazama mpaka ukaijua. Uliona nini humo? Niupiganie ukimya wangu, au nimwachie mkasi wake?

Msalimie Babu. Mwambie kwenye sikio la kulia, ndilo linalobakiza kidogo.

Mjukuu wako

1 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Huku tunasukuma siku. Magoti yangu ni yale yale, ngazi ndizo zimerefuka. Babu yako ana kikohozi kisichotaka kuaga, na kwa daktari hataki kwenda kwa sababu, anasema, daktari ananong'ona.

Barua yako nimemsomea. Kila mstari ananiuliza, "Kasema nini?" narudia. Kwa hiyo nimeisoma mara mbili, na jibu unalolitafuta limo humo humo, ila wewe huoni.

Ukimya gani, wewe? Falsafa gani? Ile ni nafasi ya babu yako!

Umezisahau Jumamosi zetu? Tulikaa safu ya tatu, babu yako kushoto ukutani, mimi kulia, wewe katikati, miguu haigusi sakafu. Mtu kwenye picha akisema la kuchekesha, ukumbi mzima unacheka. Babu yako hajasikia. Miaka yote ile ya kugonga masanduku ya bati ilimla masikio. Ananigeukia: "Kasema nini?" Namweleza kwa sauti, maana kumnong'oneza yule ni kupoteza mate. Anacheka peke yake, watu wanamsikia, wanacheka upya. Halafu anatia na neno lake, wanaangua cha tatu. Kule kwenye picha wamekwisha kusema mengine mengi na hakuna aliyeyasikia. Walitupigia miluzi tunyamaze, lakini tukikosa Jumamosi moja tu, mkata tiketi anauliza, "Wale wazee wa kelele wamepatwa na nini?"

Wewe ulikua ukidhani ndivyo sinema inavyotazamwa. Kwenye ile picha ya kinyozi, kila baada ya kichekesho uliacha mlango wazi babu yako apite. Watu wakapata nafasi ya kucheka cha pili, wakaenda kuwaita ndugu zao. Kwenye hizi nyingine mlango umefungwa. Nikianza kumweleza, picha imeshakimbia. Akachoka, akawa analala. Sikukuambia kwa sababu hukuniuliza, na siku hizo ulikuwa umevimba kichwa, tuseme ukweli.

Mwambie Mkasi asiguse. Mke wako mkubwa ndiye amesema. Tutaitazama hapa hapa, ukumbi wetu bado upo ingawa paa linavuja. Babu yako amekwisha kulitoa koti lake kabatini na kulitundika nyuma ya mlango, na hata tarehe hatuijui!

Mke wako wa kwanza,
Bibi

20 Machi

Bibi wangu, shikamoo. Na Babu, SHIKAMOO. Nimeandika kwa herufi kubwa asije akauliza.

Poleni na kikohozi. Mtafutieni daktari mwenye sauti.

Barua yako nimeisomea kwenye korido ya ofisi. Nimecheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini, na alipofika akanikuta nafuta machozi. Miaka yote hii najibu maswali ya waandishi, kumbe jibu limekaa safu ya tatu linauliza kasema nini.

Nimerudi chumba cha kuhariri na kufungua milango yote. Mhariri anaamini nimechanganyikiwa. Kila kichekesho kikipita nauliza kwa sauti, "Kasema nini?" kisha naeleza kama wewe, nacheka kama Babu, ndipo namwambia, haya, kata. Mkasi amebwata mpaka mishipa imemtoka. Nikamwambia nikikosea anifukuze kwa raha zake. Mwishowe amekubali kwa sharti moja: mapato yakiwa mabaya mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza wa maonyesho, atazikata nafasi zote mwenyewe, na mimi natia sahihi.

Nimeweka na viatu vya Babu, vile alivyoazima siku ya kukuoa. Usimwambie. Nataka kichekesho hicho kimkute hajajiandaa, nimwone anavyopiga paja.

Inatoka Agosti. Nitakuja mwenyewe, tukae watatu kama zamani. Kwa sasa sipati hata siku moja ya kutoka, kazi imenibana.

Mjukuu wako

2 Mei

Mume wangu,

Babu yako alilazwa. Ametoka, nimemwekea kitanda chumba cha mbele aone watu wanaopita. Amekonda. Sauti imekwisha, siku hizi yeye ndiye ananong'ona na mimi ndiye nauliza kasema nini.

Leo asubuhi amesema, "Agosti ni mbali." Nikamwambia si mbali. Akageukia wapita njia.

Kazi yako naijua, na Mkasi wako namjua. Kama unaweza, njoo. Kama huwezi, usije ukaharibu ulichokijenga. Lakini njoo.

Bibi

9 Agosti

Bibi wangu, shikamoo.

Tangu tulipomzika Babu nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Jirani yako ananiambia unakula, unafagia, salamu unaitikia, ila hakuna aliyekusikia ukicheka. Sina haki ya kukulaumu. Nilifika wakati ameshaacha kuzungumza, nikamshika mkono, na hata sijui kama alijua ni wa nani. Hilo nalala nalo na kuamka nalo.

Filamu imetoka Ijumaa. Nilikaa nyuma kabisa. Kichekesho cha kwanza walicheka vizuri, moyo ukanituna. Kisha nafasi ikafika. Bibi, hakuna aliyejua la kufanya nayo. Mtu akakohoa. Mwingine akamkemea mwonyeshaji picha, "We, imekwama!" Cha pili vivyo hivyo. Tulipofika katikati, watu walikuwa wanatoka wameinama ili wasiwazibe wenzao, na wenzao wenyewe hawakuwepo. Jumapili hata robo ya viti haikupata watu. Mkasi amenitandazia mapato ya miji yote mezani. Hakunigombeza. Alinifanyia tu vidole hivi, kufungua na kufunga, kama anakata.

Na nadhani safari hii ana haki. Nafasi zile zilikuwa za Babu, na Babu hayupo. Mwisho wa mwezi natia sahihi zikatwe, kisha nitaomba kazi ya kufundisha mahali. Nimejaribu, Bibi. Sikuombi uende kuitazama, najua ukumbi ule una nini kwako. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu.

Mjukuu wako

19 Agosti

Mume wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kunyamaza. Kalamu nilikuwa nayo. Nilikosa wa kuniuliza nimeandika nini.

Barua yako ilinitia hasira, na hasira imenifaa kuliko pole zote nilizopewa. Kutia sahihi! Nikamwambia jirani, nishike mkono twende sinema. Akadhani naweweseka. Nikavaa koti la babu yako, maana paa lile linavuja, tukaenda onyesho la alasiri. Mkata tiketi siku hizi ni binti wa yule wa zamani. Aliniona, akanikatia za safu ya tatu bila kuniuliza, mimi na jirani, na kiti cha ukutani akakiacha kitupu.

Watu walikuwa wachache, wametawanyika. Kichekesho cha kwanza nilinyamaza. Nafasi ikaja, nikaona ilivyo kubwa. Machozi yakanitoka, sikuyafuta. Cha pili hivyo hivyo. Nikasema moyoni, mwache Mkasi akate, huku ni kuteswa.

Ndipo akaja yule bwana harusi wako kwa fundi viatu. "Hivi ndivyo vya kuolea." Fundi anaingiza kidole kwenye tundu, kinatokea upande wa pili. "Bibi harusi ameviona?" "Bado." "Basi ndoa iwe kesho."

Watu wakacheka. Kimya kikaingia. Na mimi, nakuapia sikupanga, nikageukia kiti cha kushoto nikasema kwa sauti yangu ile ile ya Jumamosi, "Anasema aoe haraka kabla bibi harusi hajaona viatu!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Jirani akanivuta koti. Nikashindwa kujizuia: "Na wewe je? Vyako vya kuazima, umejaza magazeti vikutoshe, kimoja kikakuchomoka mbele ya wakwe!"

Kuna mtu nyuma alipasuka. Akamfuata mwingine. Mara ukumbi wote umeangua, na mimi nimo, nacheka nalia, nalia nacheka, jirani ananipepea kwa kanga. Wewe mtoto mtundu, ulijua utanifanyia hivyo!

Kichekesho kilichofuata, nafasi ilipofika, msichana mmoja safu za nyuma akaita, "Bibi, kasema nini?" Nikamweleza. Na nafasi ilitosha, mume wangu. Nilieleza, wakacheka, wakatulia, ndipo yule kwenye picha akajibu. Babu yako angekwambia umepima kama fundi.

Jana nimekwenda tena. Wale wale walikuwepo, wamekuja na wenzao. Mkata tiketi anasema watu wanauliza dirishani, "Bibi yupo leo?" Nimewaambia Jumamosi nipo. Kwingine huko sijui, mimi ni mmoja na miji ni mingi. Lakini usithubutu kutia sahihi.

Mke wako wa kwanza,
Bibi

14 Septemba

Bibi wangu, shikamoo.

Sikutia sahihi.

Habari za mapato si nzuri. Kote imeanguka. Mkasi ameiondoa kwenye miji yote, na kwenye meza ile ile ameniambia hatatoa hata senti kwa filamu ya sita. Lakini ukumbi mmoja umemtia kizunguzungu. Kila wiki hesabu zikija, kaukumbi kamoja kenye paa linalovuja kamejaa mpaka kwenye ngazi. Alinipigia simu: "Watu wako wanafanya nini kule?" Nikamwambia wanatazama sinema. Akanyamaza muda mrefu. Angekuwa kwenye filamu, angejikata mwenyewe. Kisha akasema, basi iacheni pale pale, nzima, mpaka watu wachoke.

Huenda ikawa ndiyo ya mwisho kwangu. Inaniuma, sitajifanya jasiri mbele yako. Nilikuwa na nyingine mbili kichwani, moja ya fundi masanduku. Nitazunguka kwa wengine kubisha hodi, na nikikosa nitafundisha. Lakini usiku niliopata barua yako nilijiuliza ile ya kwanza nilimtengenezea nani, wakati sina jina wala mapato. Nilikuwa nawatengenezea watu wawili wa safu ya tatu. Mmoja nilimchelewesha mpaka akaondoka bila kuiona hii ya tano. Sitaki kumchelewesha na wa pili.

Nakuja Jumamosi. Usimwambie mtu mimi ni nani. Mwombe binti wa tiketi anikatie kiti cha ukutani, kile cha Babu, miguu yangu sasa inagusa sakafu. Na lile koti, kama hutaona vibaya, nitalivaa mimi.

Maneno ya filamu ile niliyaandika mwenyewe, nayajua yote kichwani. Lakini nikikugeukia nikakuuliza kasema nini, usinicheke, Bibi. Nieleze.

Mjukuu wako